Mpiga Gitaa wa Kushoto

11 Februari

Mjomba wangu Wembe, shikamoo.

Natanguliza salamu kabla hujaanza kugomba. Mimi sijambo, chumba changu hakijambo, na kazi ya udobi inakwenda. Watu bado wanachafua nguo, kwa hiyo bado nakula. Mkaza mjomba hajambo? Wale mapacha wameacha kung'atana? Mama mwambie namsalimu sana, na mwambie sijanuna. Najua ameshakushtakia kwamba sipokei simu. Simu zimenichosha tu, Mjomba. Mtu anakupigia uko katikati ya mvuke na pasi, mnaishia kuambiana "haloo, haloo" mpaka salio linakata. Barua imetulia. Hata sasa nakuona na miwani yako iliyofungwa uzi, unanisoma mbele ya wateja.

Ndani ya kifurushi kuna kanda. Chumba kimejaa. Bendi zinaniletea mpya kila mwezi, na nikishaziandikia kwenye jarida letu sina pa kuziweka. Naomba uwe bohari yangu. Usizitupe, hata ukiona majina. Hawa Kaburi Pana ni watu wenye adabu kabisa, mmoja wao anafundisha hesabu. Wanapiga graindikoo, yaani ile metali inayokwenda mbio kuliko zote, wimbo unaisha hujajua kama umeanza. Mwimbaji haimbi, ananguruma. Ukitaka maneno yameandikwa kwenye karatasi ya ndani, kwa herufi za kuumiza macho.

Nimekuwekea na ukurasa wangu wa mapitio, ujue mpwa wako ni mtu anayesomwa. Humo naitwa Bi Nyundo. Usicheke.

Mpwa wako

2 Machi

Bi Nyundo, marahaba.

Nimecheka. Mkaza mjomba wako naye amecheka, na anakusalimu. Mapacha wameacha kung'atana, sasa wanang'ata watoto wa jirani, na jirani ameacha kutusalimia. Kwingine tuko salama.

Sasa sikiliza ulichonifanyia. Kinyozi mzima, na mvi zangu, niliweka hiyo kanda ya Kaburi Pana asubuhi, nikidhani ni muziki wa kuchangamsha. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa cha karani wa posta. Yule bwana aliruka kitini na shuka shingoni, akasimama barabarani. Nikamfuata na mashine mkononi. "Rudi bwana, ni mambo ya mpwa wangu hayo." Akaniuliza, "Anayelia humo ni mpwa wako?" Ilibidi nimbembeleze, maana nusu ile ya kichwa ingezunguka mjini kunitangaza. Alikubali kurudi kwa sharti nipunguze sauti. Cha ajabu, nilipomaliza akaniambia, "Upande wa pili unaanza lini?"

Ukurasa wako nimewasomea. Pale uliposema mpiga ngoma wao anapiga kama mtu anayebomoa nyumba yake mwenyewe kabla manispaa haijafika, karani alipiga paja. Una mkono, mwanangu. Ulianza kusema kabla hujaota meno, na naona bado hujanyamaza.

Ila mama yako. Kila jioni anapita hapa dukani kuuliza kama umeandika. Anasema, "Amenitupa kwa sababu niliuita muziki wake kelele." Nikamwambia dada, mtoto ana kazi. Akanijibu kwamba kazi haimzibi mtu masikio. Nimekuletea kama yalivyosemwa. Mpigie, hata dakika moja.

Mjomba wako

20 Machi

Mjomba, shikamoo tena na tena.

Pole kwa karani, na umwambie upande wa pili ni mkali zaidi. Wasalimie wote. Waambie mapacha nawaunga mkono.

Mama mwambie hakukosea, ni kelele kweli, na ndiyo raha yake. Nakaa kutwa nzima napokea mashati ya watu wanaoniambia "binti, hili doa lisipotoka tutagombana," na mimi nasema "sawa, mzee," "sawa, mama." Jioni nikiweka kanda kuna mtu mahali fulani anayepiga kelele badala yangu. Nikishamsikiliza naweza kuamka kesho nikasema "sawa, mzee" bila kinyongo. Nitampigia mama mambo yakitulia.

Huku nimefanya mageuzi. Nimehamisha meza ya kupokelea nguo, sasa iko upande mwingine wa mlango. Tajiri aliguna, ila mimi naona wateja vizuri zaidi. Usingizi nao umekuwa mzito siku hizi, nikilalia ubavu wa kulia saa inalia mpaka inakata tamaa, nimechelewa kazini zaidi ya mara moja. Na mhariri wetu ananuna, ati aliniita barabarani nikampita kama mlingoti. Nimeambiwa naringa! Mimi, wa kuringa na nini?

Nakutumia bendi mpya, Usaha. Jina usilisome wakati wa kula. Mapitio yao yametoka wiki hii, na watu wameyacheka sana. Nakunukulia: "Jalada linatutajia wapiga gitaa wawili. Nimesikiliza kanda nzima nikimtafuta wa pili. Siku ya kurekodi alikuwa wapi? Pengine alitumwa dukani kununua nyuzi, na foleni ilikuwa ndefu. Aliyebaki anajitahidi, lakini gitaa moja kwenye nyimbo hizi ni shati lisilo na mkono." Umelipenda hilo la shati? Nililipata kazini.

Mpwa wako anayeringa

14 Aprili

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Kwetu hatujambo. Mkaza mjomba wako amepaka duka rangi ya maziwa ya mgando, anasema ni ya kisasa, nami nimenyamaza kwa ajili ya amani.

Nina kesi. Nakutetea kila siku, lakini kwa hawa Usaha umemwonea mtu.

Unakumbuka spika zangu mbili, moja juu ya kiti cha mlangoni na nyingine juu ya kiti cha ndani, pale kwenye sinki. Karani wa posta alikuwa kiti cha ndani anasubiri rangi ya nywele ishike (siri yake, usimwambie mtu). Mimi nilikuwa mlangoni na mteja mwingine. Nikamwambia karani, sikiliza gitaa linavyokatakata. Akasema kwake halikatikati, linaburuza. Nikasema wewe umelala. Akasema njoo ukae hapa. Tukabadilishana viti, na kweli, kila kiti kina gitaa lake! Tukabishana mpaka mteja wangu akaomba amaliziwe ndevu. Nilidhani spika imeharibika, nikahamisha waya. Yule wa mlangoni akahamia kwenye sinki, na wa kwenye sinki akaja mlangoni. Kumbe ndivyo walivyopangwa, mmoja kulia na mmoja kushoto, wanajibizana kama mimi na mkaza mjomba wako.

Kwa hiyo huyo uliyemtuma dukani hakwenda popote. Yuko upande wa kushoto tangu mwanzo wa kanda mpaka mwisho, na kwa sikio langu ndiye anayefanya kazi kubwa. Hedifoni zako zitakuwa zimekufa upande mmoja. Zipige kofi kidogo, halafu umwombe radhi mwenzio.

Na mama yako hujampigia. Mimi sisemi zaidi.

Mjomba wako

30 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kujibu, samahani. Natumaini wote wazima. Mimi mzima.

Ulikuwa sahihi. Hedifoni ni mbovu, upande wa kushoto. Nitatafuta nyingine.

Bendi imemwandikia mhariri. Anataka nirekebishe. Nadhani nitaacha tu kuandika, kazi imekuwa nyingi. Kanda zilizobaki nitakutumia zote, ukipenda wagawie wateja.

Wasalimie.

Mpwa wako

6 Juni

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Wote wazima. Barua yako imefika jana, nimeijibu leo, na duka nimelifunga ili niiandike hii.

Ile barua si yako. Haina hata mzaha mmoja. Wewe ulipovunjika mkono utotoni ulimwomba daktari akuvunje na wa pili ili usiende shule. Ukiniandikia bila mzaha najua kuna jambo.

Mtu ambaye hedifoni zake zimekufa upande mmoja hujua siku hiyohiyo, maana sikio lake linamwambia. Anazitikisa, anatukana, anatafuta nyingine. Wewe ulisikiliza kanda nzima unamtafuta mtu, na hukushtuka. Nimezirudia barua zako zote. Meza umehamisha ili wateja wakujie upande wa kulia. Saa inalia husikii ukilalia ubavu wa kulia. Mhariri anakuita, unapita. Na simu, mpwa wangu. Tangu umeanza kuongea na simu unaiweka sikio la kushoto, kwa sababu mkono wa kulia hauachi kalamu. Kichwa chako nimekinyoa tangu hujaanza kutembea. Mashine ikipita nyuma ya sikio lile la kushoto ulikuwa unacheka mpaka kiti kinatikisika, upande wa kulia hata hushtuki. Sikio hilo nalijua.

Si hedifoni. Niambie kama nimekosea na nitafurahi kukosea kuliko siku zote za maisha yangu.

Naogopa, nakuambia wazi. Uko peke yako na jambo hili, na mimi niko hapa nanyoa watu videvu kana kwamba hakuna kitu. Nenda hospitali. Nenda kwanza, halafu ndiyo unijibu.

Mjomba wako anayekupenda

19 Juni

Mjomba wangu,

Hukukosea.

Ilikuwa Januari. Niliamka asubuhi nikadhani nina maji sikioni, nikaruka kwa mguu mmoja kama mtoto. Maji hayakutoka. Jioni nikadhani ni mafua. Baadaye nikaacha kudhani. Hakuna maumivu, kuna mlio mwembamba tu ndani kwa ndani, kama birika linalokaribia kuchemka halafu halichemki. Mengine yote upande ule yameondoka.

Simu nilijaribu. Niliiweka kulia, lakini nilimsikia mama yuko peke yake, duniani kukiwa kimya nyuma yake, sikuweza kupima sauti yangu, nikaogopa angeniuliza "mbona unapayuka?" Angejua. Nikakata.

Hospitali sijaenda. Usinigombeze kwa kuwa nimejigombeza vya kutosha. Tangu nilipoleta kanda ya kwanza nyumbani mama alisema nitakuwa kiziwi. Alisema nikifua, nikila, mbele ya wageni. Nikienda, daktari ataniambia niache muziki, na mama ataniambia alinionya, na wote wawili watakuwa na haki, halafu mimi nitabaki na nini? Mashati ya watu?

Ulipoandika habari ya viti vyako viwili nilikaa na barua ile siku nyingi. Mwishowe nikazigeuza hedifoni, ya kushoto nikaiweka kulia. Mjomba, alikuwepo. Anaburuza chini kabisa, anasubiri mwenzie akate, halafu anaingia. Bila yeye zile nyimbo zingeanguka. Nililia, kwa sababu alikuwa mzuri, na kwa sababu niliogopa kuzigeuza tangu Januari.

Ni binti, mdogo kuliko mimi. Watu sasa wanamwita Mnunua Nyuzi. Wanamwita hivyo hata akiwa jukwaani, na amewaambia wenzie hapigi tena. Mimi ndiye niliyempa jina lile, na nililipenda, nikakunukulia. Nawezaje kuandika tena? Mtu asiyesikia anahukumu waliosikika.

Usimwambie mama. Nakuomba sana, kwa mapenzi yote uliyonayo kwangu.

Mpwa wako

27 Juni

Mpwa wangu,

Nimemwambia mama yako.

Kasirika. Nina mgongo mpana. Ukimaliza kukasirika endelea kusoma.

Nilijitahidi kunyamaza, na kunyamaza unajua si fani yangu. Jana alikuja kuuliza kama umeandika. Nikasema bado. Mimi nikisema uongo nanoa wembe, na dada yangu ananijua. Akakaa kiti cha ndani, akakunja mikono, akasema haondoki. Nikamaliza wateja wawili huku ananitazama kwenye kioo. Wa tatu sikuweza.

Nilimweleza yote. Nikawa nasubiri lile neno, kwamba alikuonya, nikajiandaa kabisa kumjibu kwa hasira. Halikuja. Aliuliza kitu kimoja tu, "Sikio lipi?" Nikasema la kushoto. Akashika lake la kushoto kwa kiganja, akaliziba, akakaa hivyo muda mrefu anasikiliza duka langu. Halafu akasema, "Na mimi nilidhani amenichoka."

Akasimama, akaniambia nikamkatie tiketi ya basi la asubuhi. Nikasema dada, nimwandikie kwanza ajiandae. Akasema andika, mimi ndiye nitakayeipeleka.

Kwa hiyo barua hii unaisoma yeye akiwa amekaa mbele yako, na bila shaka ameshaanza kufuta vumbi kwenye kanda zako. Usimwambie, lakini alilia njiani kurudi nyumbani. Hasira zako zote nirushie mimi. Yeye mpe chai.

Mjomba wako msaliti

25 Julai

Mjomba wangu Wembe, msaliti, shikamoo.

Nilikasirika mpaka kwenye sentensi ya "amenichoka." Pale hasira zikaniishia, na chai ikamwagika. Alikuwa amekaa kitandani na mkoba mapajani, hajavua hata viatu. Hakunishika usoni wala hakulia. Alisema, "Vaa. Tunakwenda."

Daktari alinipima mpaka nikachoka. La kushoto halirudi. Amesema linatokea hivi kwa baadhi ya watu, ghafla tu, na hakusema ni muziki wala hakusema si muziki. Amesema ningewahi siku zile za mwanzo pengine lingeokoka. Hilo linaniuma, Mjomba, sitakudanganya. La kulia ni zima kabisa, na anataka nililinde: sauti ya chini, mapumziko mengi, kwenye maonyesho nilizibe. Mama akajisogeza mbele, nikajua sasa lile neno linakuja. Akamwuliza daktari, "Kwa hiyo kelele zake anaruhusiwa?" Daktari akasema kwa sauti ndogo, mama. Akasema, "Basi zitakuwa kelele ndogo," akachukua mkoba wake.

Jarida limetoka na marekebisho yangu, nayaweka hapa uwasomee karani na wenzake: "Katika mapitio ya kanda ya Usaha niliandika kwamba mpiga gitaa wa pili hakuwepo. Alikuwepo, kushoto, tangu mwanzo mpaka mwisho. Sikio langu la kushoto ndilo halikuwepo. Nilimcheka mtu kwa kosa la mwili wangu, na aliyenishtua ni kinyozi. Kanda hii isikilizeni ninyi wenye pande zote mbili, na mkifika wimbo wa nne mumshukuru yule binti." Mhariri alitaka aliondoe lile la sikio, ati litaniaibisha. Nikamwambia lisipokuwepo na mimi siandiki. Sasa ananiita kwa upande wa kulia, tena kwa sauti kubwa kupita kiasi, na mtaa mzima unageuka.

Yule binti hakunijibu kwa barua. Alinitumia pakiti ya nyuzi za gitaa, na kikaratasi kilichosema, "Foleni ilikuwa ndefu kweli. Jumamosi tunapiga." Nilicheka peke yangu mle dobini mpaka tajiri akaja kuangalia.

Mama bado yuko. Amenioshea chumba, amepanga kanda kwa rangi za majalada, na mimi sitapata kitu tena maishani. Habari ya sikio hazungumzi. Ila njiani anatembea kulia kwangu. Nikisahau nikahama, anahama. Mezani anasogeza kiti. Hajasema hata neno moja kuhusu jambo hilo, anafanya tu, na mimi nimeshindwa kumwambia ahsante, kwa hiyo nakuambia wewe.

Jana jioni aliniuliza, "Huyo mtoto uliyemkosea, ndiye yupi?" Nikatoa visikizio vidogo vya waya, kimoja nikaweka sikio langu la kulia, cha kushoto nikampa yeye. Alikaa kushoto kwangu, kwa mara ya kwanza tangu aje, maana waya ni mfupi. Nikafungulia kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa na yule anayekatakata. Nilimwona mama amekunja uso kama anayenusa maziwa, nikasubiri akivue. Hakukivua. Baada ya muda nikahisi vidole vyake kwenye goti langu la kushoto. Alikuwa ananipigia gitaa lake pale gotini, kila linapoburuza anaburuza, linaponyamaza kumpisha mwenzie ananyamaza, na nikasikia pande zote mbili kwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Wimbo ulipoisha alivua kisikizio, akainuka, akazunguka nyuma ya kiti, akaja kukaa kulia kwangu. Ndipo akasema, "Ni kelele. Lakini huyu mtoto anajitahidi. Weka tena."

Mpwa wako,
Bi Nyundo